Wiki moja Gdańsk: namna ya kuipanga safari, tangu viza hadi siku ya kuondoka

Wageni wengi huipa Gdańsk siku mbili. Wanapiga picha kwenye chemchemi ya Neptune, wanatembea kando ya mto Motława, wanakula samaki, kisha wanapanda treni kurudi Warszawa, mji mkuu wa Poland. Nawaonea huruma. Mji huu wa bandari kwenye Bahari ya Baltiki umepitia mikono ya wafanyabiashara wa Hansa, wafalme wa Poland, Waprusia, Umoja wa Mataifa wa zamani, Wanazi na Wakomunisti, na kila mmoja aliacha alama yake mahali tofauti. Nyumba za rangi unazoziona kwenye picha nyingi zilijengwa upya baada ya 1945, kwa sababu vita vilikuwa vimeacha sehemu kubwa ya mji wa kale ikiwa kifusi. Ukilijua hilo kabla ya kufika, kila barabara utaitazama kwa jicho jingine. Ndiyo maana nashauri wiki nzima, ukilala mahali pamoja, huku treni za karibu zikifanya kazi ya kukutembeza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji anayetokea Afrika Mashariki au Ghuba. Aliyeko Ulaya tayari anaweza kuruka sehemu ya viza, mradi awe na haki ya kuingia Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.

Chagua mwezi kwanza, ndipo uchague ndege

Miezi mizuri ni Juni na Septemba. Juni mchana ni mrefu ajabu: jua linachwa baada ya saa 3 usiku na linachomoza karibu saa 10 alfajiri. Septemba watu wamepungua na bei zimeshuka, na bado unaweza kukaa nje bila koti zito. Julai joto la mchana huwa kama nyuzi 22, lakini upepo wa Baltiki hauna adabu. Beba jaketi hata kama utabiri unasema jua.

Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti kuna Jarmark św. Dominika, gulio la Mtakatifu Dominiko linalohesabiwa tangu 1260. Barabara hujaa vibanda vya vitu vya kale, vito, vyakula na muziki. Ukiipenda shamrashamra hiyo, lipia chumba miezi kadhaa mapema. Usipoipenda, kwepa majuma hayo kabisa, maana hoteli hupanda bei na barabara kuu ya Długa haipitiki.

Desemba kuna soko la Krismasi na mji unapendeza kwa taa, ila jua linazama kabla ya saa 10 alasiri. Kwa safari ya kwanza mimi singeuchagua mwezi huo.

Viza: anza mapema kuliko unavyodhani

Poland imo katika eneo la Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Siku 15 hizo zisikudanganye. Kinachokwamisha watu ni kupata miadi, hivyo anza miezi mitatu kabla. Poland ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Angalia kwenye tovuti ya ubalozi maombi ya nchi unakoishi yanapelekwa wapi. Anayeishi Oman, Imarati au Qatar kwa kibali halali anaombea hukohuko anakoishi, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au Tanzania.

Kanuni moja huwachanganya wengi. Viza unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ile utakayotua kwanza. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt kisha ukakaa siku 7 Gdańsk, ombi ni la Poland. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Weka pia taarifa za benki, barua ya mwajiri au karatasi za biashara yako, uthibitisho wa malazi, na ratiba ya siku kwa siku. Hapo ndipo mpango ulioandikwa vizuri unapokusaidia: afisa anayesoma “siku ya 4, Malbork kwa treni, kurudi jioni” anaona mtu anayejua anakokwenda. Malazi yawe ya kufutika bila hasara hadi viza itoke.

Mpakani, tangu Oktoba 2025, Schengen imeanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri. Acha nafasi ya kutosha kati ya ndege mbili. Mimi singekubali chini ya saa mbili na nusu.

Kufika

Ndege ya ratiba ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hakuna. Njia za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kupitia kitovu cha Ulaya chenye ndege za Gdańsk, kama Amsterdam, Frankfurt au Munich. Ya pili ni kuruka hadi Warszawa, ambako mashirika makubwa ya Ghuba yanatua, kisha ukapanda treni. Treni ya haraka kutoka Warszawa hadi kituo kikuu cha Gdańsk Główny huchukua kati ya saa mbili na nusu na tatu, na tiketi iliyonunuliwa mapema ni nafuu kuliko ya siku yenyewe. Naipendelea njia hii ya pili kwa anayetoka Doha au Dubai, kwa kuwa inampitisha mashambani mchana badala ya kumwongezea uwanja mwingine wa ndege.

Uwanja wa Gdańsk umepewa jina la Lech Wałęsa na uko nje kidogo ya mji, upande wa magharibi. Treni ya PKM inatoka hapo hadi kituo cha Gdańsk Wrzeszcz, ambako unabadilisha kwenda katikati ya mji. Baadhi ya treni huenda moja kwa moja. Basi namba 210 nalo linakwenda katikati ya mji. Teksi ya kuitwa kwa programu ya simu haina bei ya kutisha ikiwa mko wawili au watatu wenye mizigo.

Ulale wapi

Kwanza elewa majina. Sehemu nzuri inayopigwa picha inaitwa Główne Miasto, yaani Mji Mkuu. Stare Miasto, Mji wa Kale, ni mtaa mwingine ulio kaskazini yake. Matangazo ya vyumba huyachanganya, kwa hiyo angalia ramani, usiangalie jina.

Ukitaka kutoka mlangoni na kukanyaga historia moja kwa moja, chukua chumba Główne Miasto au Wyspa Spichrzów, kisiwa cha maghala kilicho ng’ambo ya maji. Kisiwa kinapendeza usiku lakini wikiendi kina kelele za baa.

Chaguo langu kwa mwenye bajeti ya kati ni Wrzeszcz. Ni mtaa wa watu wanaoishi na kufanya kazi, una masoko na maduka ya kawaida, na treni zake zinafika uwanja wa ndege, katikati ya mji, na miji jirani ya Sopot na Gdynia bila usumbufu. Bei ya chumba ni ya chini kuliko kando ya Motława, na kufika mjini ni dakika chache tu. Sopot wakati wa kiangazi ni ghali. Nenda kutembea, usilale.

Fedha, umeme na mambo madogo yanayokera

Fedha ni złoty, si euro. Kadi inakubaliwa karibu kila mahali, hata kwenye vibanda vya aiskrimu. Mashine ikikuuliza ulipie kwa złoty au kwa fedha ya nchi yako, chagua złoty daima. Chaguo jingine hukukata zaidi. Ukibeba dola au euro taslimu, badilisha kwenye duka lililoandikwa kantor mjini badala ya uwanja wa ndege.

Plagi ni za vishimo viwili vya duara, hivyo plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zinahitaji adapta. Inunue nyumbani.

Jumapili nyingi maduka makubwa yamefungwa kwa sheria. Vinabaki vibanda vidogo kama Żabka, vituo vya mafuta na mikahawa. Fanya manunuzi Jumamosi.

Vyooni utakuta alama za maumbo: duara ni wanawake, pembetatu ni wanaume. Namba ya dharura ni 112. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, hivyo 16:20 ni saa 10 na dakika 20 jioni kwa saa zetu; hesabu mara mbili kabla ya kukimbilia treni.

Tiketi ya basi au tramu ikiwa ya karatasi, igonge kwenye kijimashine mara unapopanda. Ya SKM, treni ya karibu inayounganisha Gdańsk, Sopot na Gdynia, ikiwa haina tarehe igonge kwenye jukwaa la kituo kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na hawasikilizi maelezo ya mgeni. Kununua kwa programu ya simu kunaondoa hatari hiyo.

Kipolandi kinatisha machoni kuliko masikioni. Sz isome sh, cz isome ch, w isome v, ł isome w, j isome y. Basi Długa ni “dwuga” na Motława ni “motwava”. Ukiingia dukani sema dzień dobry, ukitoka dziękuję. Watu wa kule si wepesi wa kutabasamu na mtu wasiyemjua, ila salamu ya lugha yao huwafungua.

Ratiba: ipange kufuata Jumatatu

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na ECS, kituo cha makumbusho kwenye kiwanda cha meli, wakati wa baridi huwa na mapumziko Jumanne. Nimeiandika ratiba hii kwa anayefika Jumamosi, na Jumatatu nimeiacha kwa bahari, ambayo haifungwi. Ukifika siku nyingine, sogeza, lakini shika hilo.

*Jumamosi: kufika.* Usipange kitu. Weka mizigo, shuka hadi Motława jioni, tembea ukingo wa maji kutoka Zielona Brama hadi Żuraw. Żuraw ni winchi ya mbao iliyopandishwa kati ya minara miwili ya matofali, ya miaka ya 1440. Ndani yake kuna magurudumu makubwa ya mbao. Wanaume waliingia ndani ya gurudumu na kutembea, na kwa nguvu ya miguu yao tu shehena ya tani kadhaa ilipanda kutoka melini na milingoti ya meli ikasimikwa. Imefunguliwa tena kwa wageni mwaka 2024 baada ya ukarabati mrefu. Leo itazame kutoka nje. Kuingia ndani utapata siku nyingine.

*Jumapili: Njia ya Kifalme na kanisa la Mariacka.* Anzia Brama Wyżynna, pita Złota Brama, fuata Długa hadi inapopanuka kuwa Długi Targ. Ndiyo njia wafalme wa Poland waliyopita walipoutembelea mji. Saa 3 asubuhi bado pana nafasi. Saa 6 mchana utapishana mabega.

Ingia Dwór Artusa, ukumbi wa matajiri wa bandari, uone jiko la vigae la karne ya 16 lenye urefu wa zaidi ya mita 10. Utajiri huo ulitoka kwenye nafaka. Rai na ngano zilishuka na mto Wisła kutoka ndani ya Poland, zikahifadhiwa kwenye maghala ya kisiwani, kisha Waholanzi wakazichukua kwenda magharibi. Ndiyo sababu nyumba za hapa zinafanana na za Amsterdam kuliko za Kraków.

Sasa fanya jambo ambalo wageni wachache hulifanya. Ukiwa katikati ya Długa, kata kushoto au kulia kwenye kichochoro chochote, uingie nyuma ya nyumba. Mbele uliona madirisha yenye nakshi na vilele vya dhahabu. Nyuma unakuta kuta za plasta za kawaida, balkoni zenye nguo zilizoanikwa, miti, bembea za watoto, na ua mpana mahali ambapo kabla ya vita palikuwa pamesongamana majengo. Waliojenga upya walirudisha sura za mbele, na nyuma yake wakajenga fleti za wafanyakazi. Walichagua pia zama za kurudisha: ule mji wa kabla ya 1793, ulipokuwa chini ya taji la Poland, huku mengi ya enzi ya Prussia yakiachwa. Kabla ya vita wakazi wengi walikuwa Wajerumani; waliokuja baada yake walikuwa Wapolandi, wengi wao wamehamishwa kutoka nchi za mashariki zilizochukuliwa na Umoja wa Kisovyeti. Simama hapo uani dakika chache uyafikirie yote hayo.

Bazylika Mariacka ilijengwa kwa matofali kati ya 1343 na 1502, urefu wake ni mita 105. Mnara una ngazi zaidi ya 400, nyingine nyembamba sana. Mwenye magoti mabovu au woga wa kimo abaki chini kwenye saa ya nyota ya Hans Düringer, iliyotengenezwa miaka ya 1460. Ndani utaona nakala ya mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Hans Memling. Wenyewe halisi uko Muzeum Narodowe, mwendo wa dakika kama 15 kwa miguu. Mchoro huo ulikuwa melini ukielekea Italia mwaka 1473 pale Paul Beneke, nahodha wa Gdańsk, alipoiteka meli na kuja nao nyumbani. Ukipenda sanaa nenda ukauone; mimi ningeutembelea huo kuliko makumbusho mengine madogo matatu.

Malizia ulica Mariacka. Mbele ya kila nyumba kuna ngazi na jukwaa la mawe lililoinuliwa, lililochongwa pande zote. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe ataona baraza za kwao pale, tofauti ni kwamba chini yake kuna vyumba vya duka, na vingi vinauza kaharabu. Usinunue leo.

*Jumatatu: bahari.* Panda SKM hadi Sopot, kama dakika 20. Teremka barabara ya Monte Cassino hadi gati la mbao lenye urefu wa mita 511, refu kuliko yote ya mbao Ulaya. Msimu wa joto kuna kiingilio. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo sana na ni baridi hata Julai. Anayetoka Mombasa ataoga kwa dakika tano na kutoka mbio. Mchanga lakini ni mweupe na mpana. Siku ikiwa nzuri sana na ni kiangazi, badala ya Sopot chukua chombo au treni hadi Hel, ncha ya ulimi wa mchanga wa kilomita 35 unaoingia baharini, ambako kuna kituo cha kutunza sili.

*Jumanne: kiwanda cha meli.* Hii ndiyo siku ya kiini cha safari. Ikiwa ni wakati wa baridi na ECS imefungwa Jumanne, ibadilishane na Jumatano. Anzia uwanja wa misalaba mitatu yenye urefu wa mita 42, iliyosimamishwa Desemba 1980 kuwakumbuka wafanyakazi waliouawa kwa risasi za serikali Desemba 1970. Pembeni kuna Lango namba 2. Tarehe 14 Agosti 1980 mgomo ulianza hapa, wiki moja baada ya Anna Walentynowicz, mwendesha winchi, kufukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Fundi umeme aliyekuwa amefukuzwa zamani, Lech Wałęsa, aliingia kiwandani na kuwa kiongozi wa mgomo. Tarehe 31 Agosti serikali ilitia saini makubaliano katika ukumbi wa Sala BHP, na nchi ya kikomunisti ikakubali chama huru cha wafanyakazi, kilichokuja kuitwa Solidarność. Wałęsa alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani 1983, akawa rais 1990.

Europejskie Centrum Solidarności, wenyewe wanaita ECS, lilifunguliwa 2014. Jengo limefunikwa chuma chenye kutu, kama ubavu wa meli inayoundwa. Chukua vifaa vya sauti na utenge saa tatu kamili. Chumba cha kwanza dari lake ni kofia ngumu za wafanyakazi, mamia kwa mamia, na kibanda cha winchi kipo pale. Tafuta mbao mbili za plaiwudi zilizoandikwa kwa mkono madai 21. La kwanza ni haki ya kuunda vyama huru. Mbele kidogo yapo ya nyama, likizo ya uzazi, nafasi za chekechea. Yasome moja baada ya jingine. UNESCO iliziingiza mbao hizo kwenye kumbukumbu za dunia mwaka 2003, na ukizisoma utaelewa: waliodai uhuru walidai pia chakula cha watoto wao, kwenye orodha ileile. Kwa mtu ambaye babu yake alikuwa kuli wa bandari Mombasa au Dar es Salaam na aliyesikia habari za migomo ya gatini, chumba hiki hakihitaji mkalimani.

Baadaye panda paa la ECS uone winchi za kiwanda, kisha kanywe kahawa ulica Elektryków. Jioni usiongeze kitu.

*Jumatano: Malbork.* Treni kutoka Gdańsk Główny huchukua kati ya nusu saa na saa nzima kutegemea aina, kisha unatembea robo saa. Ngome ya Wateutoni, wapiganaji wa kidini wa Kijerumani waliotawala ukanda huu, ni kubwa kuliko ngome zote za matofali duniani kwa eneo, na imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1997. Kifaa cha sauti kinakuongoza chenyewe kwa mahali ulipo. Tenga saa tatu hadi nne. Kabla ya kuondoka vuka daraja la mto Nogat, uitazame ngome kutoka ng’ambo. Picha nzuri ni ile. Vaa viatu vya mpira, maana sakafu ni mawe.

*Alhamisi: vita.* Asubuhi nenda Westerplatte kwa basi, au kwa meli ya abiria kutoka Motława inayokupitisha kando ya bandari inayofanya kazi. Hapa, Septemba 1, 1939, karibu saa 10 na dakika 45 alfajiri, manowari ya Kijerumani Schleswig-Holstein ilifyatua mizinga. Askari wa Poland kama 200 walishikilia rasi hii siku saba. Wakati huohuo mjini, watumishi wa Posta ya Poland walilipigania jengo lao siku nzima. Wengi wa walionusurika walihukumiwa na kupigwa risasi Oktoba ile. Jengo la posta bado lipo, karibu na makumbusho ya vita.

Mchana ingia Makumbusho ya Vita vya Pili vya Dunia, yaliyofunguliwa 2017. Maonyesho yako mita 14 chini ya ardhi, na ni makubwa: saa nne zinapita bila kuona. Yanahusu zaidi raia: njaa, kufukuzwa makwao, kambi. Watoto wadogo wana sehemu yao, usiwapeleke kwenye maonyesho makuu. Nashauri usiyaunganishe na ECS siku moja, kwa sababu moyo wa mtu una kipimo chake. Mwenye nguvu ya kwenda kambi ya mateso ya Stutthof, kijiji cha Sztutowo, mashariki ya mji, aipe nusu siku yake peke yake na aiache Gdynia.

*Ijumaa: Oliwa.* Muislamu ana bahati hapa. Msikiti wa Gdańsk, wenye mnara na kuba, uko upande huu wa mji, na ulijengwa miaka ya 1980 kwa juhudi za jumuiya ya Watatari, Waislamu walioishi Poland kwa karne nyingi. Sali Ijumaa hapo, uliza wenyeji mahali pa nyama halali, watakuelekeza vizuri kuliko ramani ya simu. Kwenye kanisa kuu la Oliwa kuna kinanda cha karne ya 18 chenye malaika wa mbao wanaosogea na kupiga tarumbeta. Maonyesho mafupi hupigwa mchana, ratiba imebandikwa mlangoni. Bustani ya nyuma ni ya kukaa tu.

*Jumamosi ya mwisho, kama ndege ni ya usiku au Jumapili:* Gdynia, dakika kama 35 kwa SKM. Mwaka 1920 kilikuwa kijiji cha wavuvi. Poland ilihitaji bandari yake mwenyewe na ikaijenga haraka, kikapata hadhi ya mji 1926. Gatini kuna meli ya matanga Dar Pomorza na manowari Błyskawica. Mbele zaidi, kwenye jengo la zamani la abiria, kuna Makumbusho ya Uhamiaji, yanayoeleza mamilioni ya Wapolandi walioondoka. Aliyewahi kuyaona makaburi ya Wapolandi Tengeru karibu na Arusha, au kanisa lao Masindi, Uganda, walikohifadhiwa wakimbizi wakati wa vita, anaijua sura moja ya habari hiyo tayari.

Kula

Tafuta bar mleczny, mkahawa wa bei nafuu uliobaki tangu enzi za ukomunisti: unaagiza kaunta, unalipa, unaitwa. Bar Neptun uko Długa kabisa. Pierogi ruskie ni vifungu vya unga vyenye viazi na jibini, havina nyama, lakini mara nyingi humwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe juu. Sema “bez skwarek”. Supu ya żurek huwa na soseji. Asiyekula nguruwe ajifunze “bez wieprzowiny” na aulize hata kwenye maharage. Samaki wa Baltiki, hasa heringi, ni salama na ni watamu. Kwenye vibanda vya pwani samaki huuzwa kwa gramu 100, kwa hiyo uliza uzito kabla hajakaangwa.

Kununua kaharabu

Anza kwa Makumbusho ya Kaharabu, ndani ya Wielki Młyn, kinu cha karne ya 14. Ukitoka hapo macho yamejifunza. Kaharabu ya Baltiki ni utomvu wa miti wa miaka kama milioni 40. Bandia yake ni plastiki, au utomvu mchanga wa jamii ya sandarusi, ileile iliyosafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar na mrima karne ya 19. Kwa jicho zinafanana sana. Ukiishika, ya kweli ni nyepesi na ina uvuguvugu, haina ubaridi wa kioo. Kwenye maji yenye chumvi nyingi huelea, plastiki nyingi huzama. Lakini sandarusi nayo huelea, ndiyo maana wauzaji wazoefu hutumia tone la asetoni: utomvu mchanga hunata kidoleni, kaharabu haibadiliki. Muuzaji mwaminifu wa Mariacka hakasiriki ukiomba akuonyeshe, na atakupa cheti. Mdudu kamili ndani ya kipande cha bei chee ni dalili mbaya.

Ukinunua kwa złoty 200 au zaidi kwenye duka moja na unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, omba fomu ya Tax Free ukiwa bado kaunta, pasipoti mkononi. Kipande kiwekwe kwenye mkoba wa mkononi bila kutumika, kwa sababu forodha wanataka kukiona unapotoka Umoja wa Ulaya, na foleni yao huwa ndefu. Ongeza nusu saa uwanjani kwa ajili hiyo.